Nataka kwenda Kolkata kwa masista wa Mama Teresa. Nianzie wapi?

"Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Gungu hapa Kigoma. Nina stashahada ya uuguzi na leseni yangu iko hai, lakini ajira sijapata. Huu ni mwaka wa pili najitolea kwenye kituo cha afya. Mwezi wa pili bibi yangu alifariki. Nilimuuguza mwenyewe miezi mitano, namgeuza, namwogesha, namlisha uji kwa kijiko. Tangu siku ile moyo wangu hautulii. Nimesoma habari za Mama Teresa na natamani kwenda Kolkata nikajitolee kwa masista wake, hata kwa miezi sita. Kuna kaka kwenye kundi la WhatsApp anasema anaweza kuniunganisha nao. Anataka shilingi 450,000 za fomu na barua ya mwaliko, na anasema chakula na malazi ni juu ya masista. Mama yangu amekataa kabisa. Anasema hakunisomesha ili nikaoshe wagonjwa wa India bure, na anaogopa nikifika huko watanifanya sista nisirudi. Rafiki yangu tunayejitolea naye anatamani twende pamoja, ila yeye ni Mwislamu wa Ujiji. Je, tunaweza kwenda? Hiyo hela nilipe? Na mama nimwambie nini? Usiku silali vizuri nikiwaza haya."

Marahaba mwanangu, mwakeye. Pole sana kwa bibi. Miezi mitano ya kumgeuza mtu na kumlisha kwa kijiko ni kazi inayoingia kwenye mifupa, na siku mgonjwa anapoondoka mikono inabaki haina la kufanya. Nimekuwa muuguzi miaka 34, mingi ya hiyo hapa Tabora, na miaka 15 ya mwisho kabla sijastaafu ndiyo niliyokuwa napokea na kupanga vijana waliokuja kujitolea kwenye huduma za afya za Kanisa. Barua za namna hii nimezisoma nyingi, lakini karibu zote zilitoka Ulaya zikiuliza namna ya kuja kwetu. Ya binti wa Gungu anayetaka kwenda kuwahudumia maskini wa nchi nyingine imenikalisha chini.

Nianze na hela, maana hilo haliwezi kusubiri. Usilipe. Usilipe hata nusu yake, hata kama ataanza kukupunguzia. Na nitakueleza kwa nini nina uhakika.

Watawa wengi huweka nadhiri tatu: useja, ufukara na utii. Masista wa Mama Teresa, ambao jina lao rasmi ni Wamisionari wa Upendo, wana ya nne: kuwatumikia kwa moyo wote, na bure, walio maskini kuliko maskini wengine. Hilo neno "bure" kwao ni nadhiri, na linagusa kila kitu nyumbani mwao. Mgonjwa halipi. Sista halipwi. Wewe unayekuja kusaidia hulipwi na hutozwi. Kolkata mtu wa kujitolea anakwenda mwenyewe kujiandikisha kwa masista akiwa na pasipoti yake, anazungumza nao, anaambiwa ni nyumba gani inahitaji mikono, anapewa kadi. Hakuna fomu inayouzwa na hakuna wakala katikati. Na kinyume cha alivyokuambia huyo kaka, masista hawakupi malazi. Unapanga chumba kwenye nyumba za wageni za mjini kwa hela yako na unakula kwa hela yako. Kinachotolewa kwenye nyumba mama yao asubuhi ni chai, mkate na ndizi kabla hamjatawanyika kwenda kazini. Kwa hiyo amekosea pande zote mbili: anauza kisichouzwa na anaahidi kisichotolewa. Mtu anayewajua masista hawezi kukosea mambo hayo mawili kwa pamoja.

Kuna hatari kubwa kuliko kupoteza laki nne na nusu. Mabinti wa Afrika Mashariki wamewahi kuchukuliwa kwa ahadi tamu za kazi na huduma, wakifika India au nchi za Ghuba wananyang'anywa pasipoti na kuambiwa wana deni la kulipa. Sisemi huyo kaka ni mtu wa hivyo, simjui. Nasema mlango anaokufungulia ndio huohuo wanaoutumia wale. Kama tayari umempa picha ya kitambulisho chako cha taifa au umemtumia chochote, nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, uwaeleze ana kwa ana na uwaonyeshe ujumbe wake kwenye simu. Usione aibu. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000. Kwa hela anayoitaka yeye utakuwa na pasipoti yako mkononi na chenji ya kutosha kwa jambo nitakalokueleza mbele.

Hofu ya mama yako kwamba watakufanya sista ni ya kweli na ya upendo, lakini haina msingi. Kujitolea na kuingia utawani ni njia mbili tofauti kabisa. Anayetaka utawa hupita hatua moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Unovisi peke yake kwao ni miaka miwili, kisha nadhiri za muda, na za daima huja mbali sana baadaye. Katika kila hatua yuko huru kuondoka, na masista wenyewe huwarudisha nyumbani wengi wanaoona hawaifai njia hiyo. Tena sheria ya Kanisa inasema nadhiri iliyowekwa kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila haihesabiki kuwa nadhiri. Mwambie mama kwamba kazi ngumu kwa wasichana wengi ni kuingia, si kutoka.

Na rafiki yako wa Ujiji anakaribishwa. Nyumba ya watu wanaokaribia kufa, Nirmal Hriday, ilifunguliwa mwaka 1952 kwenye jengo lililokuwa la kupumzikia mahujaji pembeni ya hekalu la mungu wa kike wa Wahindu aitwaye Kali. Wanaolala humo wengi ni Wahindu na Waislamu. Mama Teresa alisisitiza kila mmoja aagwe kwa heshima ya dini yake: Mwislamu asomewe Kurani, Mhindu apewe maji ya mto Ganges, Mkatoliki apakwe mafuta. Nilipokuwa huko nilifua nguo kando ya Mjapani asiye na dini yoyote na bibi mmoja Myahudi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake juu ya imani yake, maana maji ya baridi na mashuka yaliyolowa yanawatosha watu kuzungumza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana nadhani picha uliyonayo inahitaji kurekebishwa kidogo, hasa kwa kuwa wewe ni muuguzi.

Nilikwenda mwaka 1999 kwa likizo bila malipo, miezi mitatu. Nilipangiwa Prem Dan, nyumba ya wagonjwa wa muda mrefu. Nilifika nikiwa na vyeti vyangu kwenye bahasha, na hakuna aliyeviomba. Siku ya kwanza nilikanyaga mablanketi kwenye beseni la saruji kuanzia saa mbili asubuhi hadi karibu saa tano. Siku ya pili vivyo hivyo. Kisha kuogesha, kukata kucha, kulisha, kumkanda mguu bibi ambaye mguu wake ulikuwa umepooza. Kufua ndiyo kazi iliyotangulia kila kitu, na kwa makusudi: nyumba hizi zinataka maisha yanayofanana na ya maskini wenyewe, kwa hiyo mashine ni chache na mikono ni mingi. Ukiwa Kigoma umezoea kufua kwa mkono, jambo hilo halitakushinda. Niliona wenzangu kutoka nchi za mashine wakilia.

Lugha itakuchanganya kwa namna ya kupendeza. Kwa Kibengali "dada" ni kaka mkubwa, na dada mkubwa anaitwa "didi". Wanawake wa mtaani walioajiriwa kwenye nyumba hizo wanaitwa "mashi", yaani mama mdogo, na hao ndio walimu wako. Masista wenyewe lugha yao ya jumuiya ni Kiingereza. Mgonjwa atakachokuomba mara mia kwa siku ni "jol", maji. Jifunze hilo kabla ya mengine yote.

Lakini hapa ndipo wauguzi wengi wanapoumia. Wewe umefundishwa kwamba mgonjwa ana faili, ana utambuzi wa ugonjwa, ana dawa ya maumivu iliyoandikwa na kipimo chake. Zile nyumba si hospitali, na hazijawahi kudai kuwa hospitali. Ni makao ya watu waliookotwa barabarani, ambao hospitali hazikuwapokea au ziliwaachia. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha maelezo ya mhariri wake, Robin Fox, aliyekuwa ametembelea nyumba ya Kalighat, yaani ileile Nirmal Hriday. Alisifu usafi, uangalizi wa vidonda na upole. Akalaumu kwamba hapakuwa na utaratibu wa kutosha wa kupima na kutofautisha anayeweza kupona na asiyeweza, na kwamba dawa kali za maumivu zilikosekana. Watu waliopenda masista walikasirika. Mimi niliyekwenda miaka mitano baadaye nasema alichokiona cha sifa nilikiona, na alichokilaumu nacho kilistahili kusemwa. Upendo haupunguzi maumivu ya saratani ya mifupa, mofini inapunguza. Naomba uyashike yote mawili usiliachie hata moja.

Kwa hiyo swali lako la kujiuliza ni hili: utaweza kukaa chini ya mtu asiye muuguzi, kwenye nyumba ambayo si yako, bila kuona unayoyaona kuwa ni dharau kwa taaluma yako, na pia bila kuyafumbia macho? Wiki yangu ya pili nilimbadilishia mzee mmoja kidonda cha mgongoni kwa namna yangu, sikumuuliza mtu. Sista msimamizi alinisimamisha mbele ya watu. Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikamfuata jioni, nikamweleza kwa nini mgonjwa wa namna ile anahitaji kugeuzwa kila saa mbili na kidonda kisisuguliwe, akasikiliza, akaniuliza maswali, na tangu hapo tukaandika ratiba ya kugeuza ukutani. Ningeanza na mazungumzo, mzee yule angepata ratiba wiki moja mapema. Hilo ni kosa langu na nalikumbuka mpaka leo.

Tena leseni yako ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Haivuki bahari. India hutaruhusiwa kuchoma sindano wala kutoa dawa kama muuguzi bila kusajiliwa kwao, na muda wako huko usiuhesabu kama uzoefu wa kazi utakaokubebea nafasi ya ajira. Na ukiwa mbali miezi sita, jina lako likiitwa kwenye usaili utakuwa huna namna ya kufika. Hilo ni gharama, liweke kwenye hesabu pamoja na tiketi.

Jambo moja kuhusu watoto, maana wengi hukimbilia huko. Mtoto aliyeachwa akiwa mdogo hujenga imani kwa watu kwa kumwona mtu yuleyule akirudi: sauti ileile, harufu ileile, mikono ileile inayombeba anapolia. Kila anapomzoea mtu na mtu huyo akatoweka baada ya wiki tatu, anajifunza kwamba watu hutoweka. Baadaye unamwona anamkumbatia kila mgeni anayeingia mlangoni, na wageni husema "tazama anavyopenda watu". Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba hana mtu wake. Kama una mwezi mmoja au miwili, omba wagonjwa wazima au wazee. Acha watoto kwa wanaokaa miaka.

Sasa nikuulize jambo, na usinielewe vibaya. Kwa nini Kolkata?

Nimeliuliza swali hili kwa vijana wengi wa Kizungu waliokuja Tabora, na jibu la kweli, likitoka baada ya wiki kadhaa, huwa linafanana. Maskini wa mbali hakujui. Haji kesho kukuomba ada ya mtoto. Si mjomba wako, hana ugomvi wa shamba na baba yako, hakusengenyi ukichelewa. Kwake wewe ni mikono tu, na kuna uhuru mkubwa ndani ya kuwa mikono tu. Maskini wa Gungu ana jina, ana ukoo, na ukimwogesha leo mtaa mzima utasema "kwani kwao hawana mtu?" au utageuka kuwa ndugu wa lazima. Huduma ya karibu ina deni ndani yake. Ndiyo maana ni ngumu zaidi, na ndiyo maana mtu mwenye moyo mzuri kabisa anaweza kutamani kuvuka bahari. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilivuka. Lakini nataka uende ukijua kama unakwenda kwa ajili ya watu wa Kolkata au kwa ajili ya kupumzika na watu wa Kigoma. Vyote viwili vinaruhusiwa, ila vina maandalizi tofauti.

Na sasa lile nililokuahidi. Hujataja popote kwenye barua yako kwamba masista hawa wako jirani. Mama Teresa alipoanza kutuma masista nje ya India, kwanza walikwenda Venezuela mwaka 1965. Nyumba yao ya kwanza Afrika ilifunguliwa mwaka 1968, na ilifunguliwa Tabora, wakati Askofu Mkuu akiwa Marko Mihayo. Yaani kabla ya Nairobi, kabla ya Addis Ababa, sari zile nyeupe zenye mistari ya buluu zilionekana chini ya miembe ya Tabora. Wazee wa hapa wanasimulia jinsi watu walivyoshangaa kuwaona Wahindi wasio na duka.

Kutoka kwenu mpaka hapa ni usiku mmoja wa treni. Ushauri wangu ni huu: kabla hujafikiria ndege, nenda kwa paroko wako, mweleze nia yako, mwombe barua ya utambulisho. Kupitia jimbo la Kigoma na jimbo kuu la Tabora, omba kuwatembelea masista na kusaidia kwa wiki mbili au tatu, wewe na rafiki yako, kadiri watakavyoona inafaa. Nyumba hizi zinafuata mtindo uleule popote duniani: sala kabla ya jua, beseni, uji, mashuka, kimya cha mchana. Utakachokutana nacho Tabora ndicho utakachokutana nacho Kolkata, isipokuwa hapa utaelewa mgonjwa anasema nini anapolia usiku. Hilo si dogo. Mimi miezi mitatu nilikuwa nabahatisha.

Baada ya wiki hizo utajua mambo ambayo mimi siwezi kukujulisha. Huenda ukakuta kiu yako imepata maji. Huenda ukakuta bado Kolkata inakuita, na hapo utakwenda ukiwa na sista anayekufahamu, anayeweza kukuandikia wenzake. Huo ndio mwaliko wa kweli, na hautagharimu laki nne na nusu.

Ukifika hapo, hesabu zako ziwe hivi. Miezi sita iondoe kichwani kwa safari ya kwanza. Viza ya kitalii ya kielektroniki ya India inaruhusu kazi fupi ya kujitolea isiyo na malipo isiyozidi mwezi mmoja. Zaidi ya hapo unahitaji viza ya aina nyingine, na hilo uliulize ubalozi wa India Dar es Salaam wenyewe, usimuulize mtu wa kundi la simu. Usiandike kwamba unakwenda kutalii halafu ukakaa ukifanya kazi miezi mitano, utawaletea masista matatizo na serikali. Si jambo la kufikirika: Desemba 2021 serikali ya India ilikataa kuwahuishia kibali cha kupokea fedha kutoka nje, wakarudishiwa Januari 2022. Wanaangaliwa kwa karibu, na mgeni mwenye karatasi zisizonyooka ni mzigo kwao.

Chagua kati ya Novemba na Februari. Aprili na Mei joto la Kolkata linapita nyuzi 38 na halina upepo wa ziwa. Juni hadi Septemba mvua inajaza barabara mpaka magotini. Chanjo ya homa ya manjano uwe nayo kwenye kadi, na iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kusafiri, kwani India ina mbu wanaoweza kuieneza lakini haina ugonjwa wenyewe, na wanaweza kumweka karantini mtu anayetoka eneo la hatari bila cheti. Homa ya ini B ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja tangu ya kwanza na ya tatu miezi sita tangu ya kwanza. Kama muuguzi huenda tayari unazo. Kama huna, anza wiki hii hata usipokwenda popote, kwa sababu kazi unayoifanya sasa inakudai hiyo chanjo. Kifua kikuu ndicho kinachonipa wasiwasi zaidi: karibu robo ya wagonjwa wote duniani wako India, na kwenye nyumba hizo utashinda na kikohozi. Beba barakoa nzuri zako mwenyewe, fungua madirisha, na ukirudi upimwe.

Turudi kwa mama yako. Ukisoma maneno yake polepole, hajasema kwamba kuwahudumia maskini ni vibaya. Amesema amekusomesha. Kuna mashamba yaliyouzwa au mawese yaliyobebwa kichwani ndani ya sentensi hiyo, na anaogopa kwamba jasho lake litamwagika mahali asipopajua. Usimjibu kwa Mama Teresa. Mjibu kwa mpango: utakaa siku ngapi, atampigia nani ukiwa huko, tiketi ya kurudi iko wapi, nani atawasaidia wadogo zako muda huo. Na ikiwezekana mchukue aje Tabora siku moja aone mahali kwa macho yake na azungumze na masista. Nimeona akina mama wakibadilika getini, na nimeona wengine wakibaki na "hapana" yao. Akibaki nayo, subiri. Mama Teresa mwenyewe alisikia wito wake Septemba 1946 akiwa kwenye treni ya kwenda Darjeeling, na alisubiri ruhusa mpaka 1948, karibu miaka miwili, akiendelea na utawa wake uleule.

Alipopata ruhusa hakukimbilia mitaa ya mabanda. Alikwenda kwanza Patna kwa masista matabibu akajifunza uuguzi. Inasimuliwa kwamba aliwaambia anataka yeye na wenzake wale wali na chumvi tu, kama maskini, na wale masista wakamkatalia: watakufa kwa kifua kikuu kabla hawajamsaidia mtu. Akawasikiliza.

Nimekuletea hilo kwa sababu ya sentensi yako ya mwisho, kwamba usiku hulali vizuri. Mwanangu, wewe umefiwa juzi. Mtu aliyemuuguza mzee wake mpaka mwisho hubaki na mwili ulioamshwa: unashtuka saa nane usiku kwa sababu ndiyo saa uliyokuwa unamgeuza. Hiyo inaweza kuchukua miezi na ni kawaida. Lakini majonzi yana tabia ya kuvaa nguo za wito, na wito wa kweli nao wakati mwingine unazaliwa ndani ya majonzi. Kwa barua siwezi kukutofautishia. Ndiyo maana nataka uonane na mtu uso kwa uso. Kama usingizi umekutoka kwa zaidi ya wiki kadhaa, kama chakula hakipiti, kama unajilaumu kwamba bibi angepona ungefanya hivi au vile, au kama imewahi kukujia hata mara moja kwamba afadhali ungemfuata, usisubiri Tabora wala Kolkata. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Maweni uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili au ustawi wa jamii, na umweleze paroko au mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, unayemwamini akusindikize. Usiende peke yako kushinda kwenye wodi ya wanaokufa huku kifo kimoja bado kimekushika mkono.

Ukiwa tayari kuja Tabora, njoo siku za katikati ya juma, Jumapili nyumba huwa na wageni wengi. Vaa viatu vya kufunika vidole na vya kukanyagia maji, kitenge cha kubadilisha, kucha fupi. Sukari na sabuni za mche hupokelewa vizuri kuliko peremende. Getini usianze na habari za Kolkata. Sema una wiki mbili na unajua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kisha ngoja waseme beseni liko wapi. Rafiki yako naye awaambie mapema saa zake za swala, watampangia kazi isiyogongana nazo.